Juu Wapi

Mwalimu Nachundu aliandika ubaoni: giv apu,
kwa kipande cha chaki kisichozidi ukucha.
Giv, akasema, ni toa. Apu ni juu.
Wakishaoana hawa wawili, msiwaulize kwao.

Tukacheka. Kidato cha pili B, Newala, mwezi wa kumi,
korosho zinadondoka, na nusu ya darasa
vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda.

Ukimpisha mjamzito kwenye kiti, ni giv apu.
Ukiacha sigara, giv apu.
Mwizi akitoka kichakani, mikono kichwani, giv apu.
Daktari akimtazama mgonjwa
kisha akatazama dirisha,
na hiyo pia.

Tuliandika. Fidea Likapa hakuandika.
Alisimama, sketi yake ina tope la bondeni,
akauliza: Juu wapi?
Juu tu, akasema mwalimu.
Juu tu si mahali, mwalimu.

Maana sisi juu tunakujua. Juu ni hapa.
Maji yako chini, na wanaoyafuata
wanashuka kabla ya adhana,
wanapanda na ndoo kichwani,
wanajua kwa magoti juu inaanzia wapi.
Sasa mtu aliyekifikisha kitu juu
unasemaje ameshindwa?

Mwalimu alipangusa mikono kwenye suruali.
Kwa Kiswahili, akasema, ni kukata tamaa.
Andikeni.

Kata. Hilo nalo.
Tunakata tiketi ya Masasi, tunakata kona ya Mkunya,
babu alikata roho akiwa amekata rufaa ya shamba.
Mwaka ule chama kilimkata baba:
ya gunia, ya ghala, ya ushuru,
na ya kitu kilichoandikwa mengineyo.
Aliikunja stakabadhi mara nne, ndogo kama hirizi,
akaula ugali wake wote.
Nilimtazama sana usiku ule.
Kama tamaa hukatwa, basi ilikuwa kamba,
na kama ni kamba, ilikuwa imefunga nini?

Mwezi wa kumi na moja Fidea hakuja.
Fidea Likapa, mwalimu aliita.
Fidea Likapa.
Kalamu ilisimama juu ya jina
muda ambao mbuzi alipita mlangoni, akarudi.
Hakulikata. Akaenda kwa Mohamedi Lilai.

Nilimkuta Januari, kilele cha njia ya bondeni,
mama yake mgonjwa, wadogo zake watatu nyuma
kila mmoja na dumu la kimo chake.
Alitua ndoo. Alipumua kama baiskeli iliyotobolewa.
Akaniangalia, akaangalia daftari langu,
akasema, Giv apu,
akacheka mpaka akakohoa.

Akatoa kata ya kifuu kwenye khanga yake,
akachota, akanipa.
Maji yalikuwa na mchanga kidogo.