Patakapochafuka

Kwenye kadibodi, uwanja ulitii:
miti ya sifongo, chemchemi ya kioo,
watu wa karatasi, wembamba, wasio na mizigo,
wote wakielekea alikotaka Nutsa.

Mwalimu alisema: Safi. Umewahi kukaa pale?

Akaenda Gldani, Februari, na futi ya chuma,
katikati ya majengo ya kijivu ya ghorofa kumi na sita.
Alihesabu taa zilizokufa. Saba.
Tsiala, muuza mbegu za alizeti, alimtazama hadi akachoka.
"Unapima nini, binti? Kaburi?"
"Uwanja."
"Basi upime na huu upepo."

Upepo ulipenya kati ya jengo la nne na la tano
kama mdai asiyebisha hodi.
Ndiyo maana benchi la manispaa lilibaki jipya miaka yote,
na watu walikaa juu ya mabomba ya maji moto,
wameupa upepo kisogo, wakimenya mbegu.
Na njia yenyewe, ile iliyochongwa na viatu,
ilikata bustani mshazari hadi duka la mkate.
Haikumwomba ruhusa mchoraji yeyote.

Usiku ule aling'oa chemchemi kwa kucha.
Akabandika ukuta mfupi, kimo cha mtu aliyeketi.
Njia akaiacha ilivyo, akaitandika mawe tu.

Jaji mmoja aliinamia meza, akavua miwani:
"Ulichobuni kiko wapi?"

Nutsa aliingiza mkono mfukoni,
akamwaga maganda ya alizeti
nyuma ya ule ukuta.
"Hapa," alisema. "Hapa patachafuka."