Kalamu Moja

Saa nane usiku, Tandahimba. Ghala limelala,
mimi nasoma daftari la mashine:

*Mizani ya tatu, Somoe Nalinga, kilo Mizani ya kwanza,
Mfaume Chilumba, kilo mia na themanini na kumi, nne,
daraja la imepokelewa kwanza.*

Hakuna aliyedanganya. Ndilo linaloniuma.
Kila uzi wa programu umesema kweli yake,
na kweli mbili zilizotamkwa kwa pumzi moja
zimezaa uongo usio na baba.

Namkumbuka Hokororo, karani wa chama cha msingi
enzi za karatasi: meza moja, kalamu moja,
imefungwa mguuni mwa meza
kwa uzi wa kushonea magunia.
Wapimaji wakimwita kutoka pande zote, yeye hainui kichwa
mpaka nukta ikauke.
Tulimcheka.
Wala hakuwa na hekima yoyote;
aliogopa tu kuibiwa kalamu.

Basi naandika:
shika kufuli,
andika mstari mzima,
achia.

Najaribu kwa nyuzi nane. Mistari inatoka mizima,
mmoja mmoja, kama watoto wanaokwenda kunawa.
Kisha uzi mmoja unafia njiani
kufuli likiwa mkononi mwake,
na mizani zote zinasimama,
zinamngoja marehemu amalize sentensi.

Nafuta. Naanza upya.
Sasa kila mzani utupe kikaratasi chake kapuni
urudi kazini usingoje,
na mwandishi awe mmoja tu, asiye na kazi nyingine,
anayeokota na kuandika, anayeokota na kuandika.

Jogoo wa jirani amewika mara mbili. Inakwenda.

Inakwenda kuanzia leo.
Ya jana yamekwisha kuchanganyika,
na korosho zenyewe zimo ndani ya lori, zimeshapita Nanyamba.

Saa moja kamili Bi Somoe yuko mlangoni.
Anafungua pindo la kanga, anatoa stakabadhi
iliyokunjwa mara nne, wino umeingia jasho.
Namweleza habari za nyuzi. Ananitazama
kama mtu anayengoja mvua ipite.

Natoa daftari la kawaida, natoa kalamu.
"Themanini na nne," anasema. "Daraja la kwanza.
Andika.
Na usizungumze na mtu mpaka umalize."