Droo ya Tatu

Philémon aliinunua mwaka ule tulipouza malisho ya juu,
akaivaa mara nne, nimehesabu:
arusi ya binti, ubatizo, mazishi ya kaka yake,
na Jumatano moja, bila sababu yoyote,
akaenda nayo posta kununua stempu.

Siku nyingine zote mikono yake ilikuwa ya jibini,
chumvi hadi viwikoni,
na chumvi na saa hazilali kitanda kimoja.

Mimi nilikaa kiwandani miaka thelathini na mmoja,
hapa hapa Jura, pale chini, kando ya ziwa linaloganda,
nikitia mafuta kwa ncha ya sindano,
tone dogo kuliko chozi la sisimizi.
Kwa hiyo mtu asinifundishe.

Haikai bafuni. Haikai dirishani.
Haikai juu ya redio, wala karibu na simu:
sumaku huingia kimya kama umbea,
na ukija kugundua, saa imeshawatangulia watu dakika kumi.
Inakaa droo ya tatu, chini ya vitambaa vya meza,
mkanda umefunguliwa, ngozi ya mamba isijikunje,
na kando yake vile vipakiti vya punje kavu
vilivyokuja na viatu vyangu vya theluji.

Yeye ghalani alitaka unyevu, jibini lipumue;
mimi droo ikauke kama kauli ya hakimu.
Tuliishi hivyo. Nyumba moja, hewa mbili.

Mjukuu wangu Loris aliniletea kisanduku cha umeme
kinachoizungusha usiku kucha isije ikasimama.
Nilikiwasha, nikalala. Sikulala.
Kinanguruma, kinanyamaza, kinanguruma,
kama mtu anayetembea chumbani na hana pa kwenda.
Saa tisa usiku nikachomoa waya.
Kisichovaliwa nacho kina haki ya kusinzia.

Ila mafuta huganda yakisahauliwa.
Basi kila Jumapili ya kwanza, baada ya kahawa,
naosha mikono, naikausha mara mbili,
naishika kwa kitambaa, natia ufunguo,
mizunguko thelathini, polepole,
hadi kamani ishibe na lile bawa la ndani liamke.
Tarehe siigusi kati ya saa tatu na saa tisa za usiku:
meno yanakuwa yameumana, ukilazimisha unavunja.
Philémon naye alikuwa hivyo. Ugomvi niliuweka hadi asubuhi.

Watu husimulia saa zilizosimama
dakika ile ile mwenyewe alipokata roho.
Hii haikufanya hivyo.
Mara ya tano nilimvisha mimi, hospitalini,
tundu la mwisho la mkanda, na bado ilimpwaya.
Nilipoivua ilikuwa inatembea, ikaendelea kutembea
mfukoni mwa koti langu, garini, mezani,
saa arobaini na mbili kama ilivyoahidiwa,
ikasimama Jumanne, saa nane na dakika kumi na moja mchana,
nikiwa namenya viazi,
na sikusikia chochote.

Loris anauliza itakuja kuwa ya nani.
Nioneshe mikono, namwambia.
Anainyoosha, mbele na nyuma.
Kaikaushe tena.