Fungu la Wingu

Baba hakuwahi kuchora uso wa mtu.
Watu wake wote wametupa kisogo,
wadogo kama punje za karafuu,
wameduwaa mbele ya msitu wa Ngezi
unaomeza mvua.

Kilichotulisha ni mabango:
duka la Asaa pale Konde, kinyozi, bei ya sukari.
Rangi iliyosalia koponi
ndiyo iliyokuwa vilima vyake.
“Mbingu waizidisha,” mama alimwambia, “unga je?”
Akacheka. Akaongeza radi.

Ile picha kubwa ilimla miaka kumi na mmoja,
juu ya turubai kuukuu la kuanikia karafuu;
ukiikaribia, pua ilifika kabla ya jicho.
Bonde la Mtambwe, mikoko, ghuba,
na juu ya vyote wingu
zito, lenye mimba ya masika,
ambalo kila mwaka alilifuta, akalianza upya:
“Bado halijanitisha.”

Alikufa kiangazi, mbingu tupu kama sahani.
Arobaini haijatimia
kaka zangu wakaja na futikamba
na mkasi wa fundi cherehani.
Mirathi ni mirathi:
mama thumni yake, mwanamume mawili, mwanamke moja.
Shaame akabeba msitu, akaezekea banda la mbuzi.
Mbarouk akapata ghuba, akamuuzia mgeni wa hoteli
kabla jua halijatua.
Mama akachagua kipande chenye mtu mmoja, mdogo,
akakikunja chini ya mto.
Hakusema ni nani. Sikuthubutu kuuliza.

Mimi nikapata wingu.
Halina mti, halina ukingo wa nchi.
Bi Mkasi, jirani, alidhani ni tambara la jikoni
akalifutia sufuria; nikalia, naye
akanionea huruma kwa jambo jingine.

Sasa barabara imepita bondeni,
mbuzi wameutafuna msitu mpaka pembeni,
na ghuba sijui inaning’inia ukuta gani, nchi gani.
Lakini jana, mikeka ya karafuu imejaa uani,
binti yangu Time, hata shule hajaanza,
akatazama upande wa Mtambwe, akapiga ukelele:
“Mama, anua! Wingu la babu hilo!”

Tulianua mbio, vidole vikinuka.
Nilikijua kijivu kile:
kijani cha mlango wa msikiti,
masizi ya chungu cha mama,
na tone la nyekundu kutoka bango la kinyozi
ambaye hajatulipa mpaka leo.