Maua Arobaini na Moja

Nilikutumia ukurasa saa nne usiku,
kifurushi kimebaki cha kunusa,
upepo wa Julai unasukuma mchanga
chini ya mlango wa chumba changu, Nkuhungu.
Mama, shambani Hombolo, mavuno ya zabibu,
mwaka ule ambao mnunuzi hakutokea.
Nilimzungushia fremu ya dhahabu,
utepe, vipepeo, na kivuli cha kila kipepeo,
na maandishi yanayojipinda kama mzabibu usiofungwa waya:
MAMA NI MAMA.
Nikaandika chini, kama tuandikavyo wote,
"Niambie ukweli, Sechelela, usinionee haya,"
huku moyoni nasubiri useme: hatari, dada, umeua.

Ukajibu asubuhi. Maneno matatu.
"Mama yuko wapi?"

Nilinuna.
Nilinuna nikikoroga uji mpaka ukashika madonge,
nilinuna kazini, nikigonga mihuri kwa nguvu isiyohitajika.
Huyu naye! Anayevuta picha za harusi za watu
hadi bwana harusi anarefuka kama nguzo ya umeme.
Nyani haoni…
Methali nikaimeza nusu, kwa sababu jioni
niliufungua ukurasa, nikahesabu.
Maua arobaini na moja.
Na Hombolo, mwezi ule wa nane,
hapakuwa na ua hata la dawa.

Nikafuta moja, la pembeni, kukuridhisha.
Nikafuta mengine sita kwa hasira.
La nane lilikuwa limekaa juu ya mkono wake.
Nikalitoa, mkono ukatokea:
kidole cha shahada kimefungwa kitambaa,
kucha zimelowa rangi ya zabibu,
na ule mkasi wa kukatia vichala
aliouazima kwa mzee Chilongani, akafa nao.
Nilikuwa nimeufunika mkono wa mama yangu
kwa waridi la bure, la kupakua.

Sikukuambia kilichonipata hapo.
Nilikuambia, "Nimepunguza kidogo."

Ijumaa ukaniletea wako.
Baba yako mdogo, Mazoya, fundi baiskeli wa Kikuyu,
umemweka kulia kabisa, ukingoni mwa ukurasa,
na kushoto kwake patupu, peupe,
kama ukutani palipong'olewa kalenda.
Vidole vilinicheza. Zamu yangu ya kisu.
Niliandika: Pamepwaya. Nikafuta.
Niliandika: Kazi nzuri sana. Nikafuta upesi zaidi,
maana hilo nalo ni ua, la arobaini na mbili.
Mwisho nikauliza tu,
"Hapo kushoto alikaa nani?"

Ukawa unaandika, unaacha, unaandika.
Nikajiandaa kwa msiba.
"Hakukaa mtu," ukasema. "Ndiko upepo ulikotokea.
Hapo hapaguswi."

Nikamtazama upya. Kweli:
shati limejaa upande mmoja kama gunia la pumba,
jicho la kushoto limefumbwa, la kulia linacheka,
na mnyororo wa baiskeli mkononi umepigwa vumbi.
Ningekuwa na ruhusa, ningepachika hapo saa, au tairi.
Ningeuziba upepo.

"Basi jina lake lisogeze juu," nikasema.
"Limemkanyaga mguu."
"Hilo nakubali."
Nawe hukukawia: "Yale maandishi yako ya dhahabu
bado yanapiga kelele."
Yanapiga. Nimeyaacha.
Mama akikuita toka ng'ambo ya bwawa, uliitika.

Jumamosi tukaenda kuchapa, karibu na soko la Majengo.
Kijana wa mashine akatuonya wino mwekundu unakata,
tukamwambia endelea.
Kurasa zikatoka zina joto kama chapati,
Mazoya ana upepo wake,
na mkono wa mama umeingia ubuluu kidogo
kwenye vifundo, kama mtu aliyeshika barafu.
Tukauinamia, mabega yanagusana,
kila mmoja ameona, kila mmoja kabana midomo.

"Sema," ukaniambia.
"Hapana. Anza wewe."