Maganda ya Mayai

Kumbakonam, saa ya kuwasha taa.
Mjusi kafiri katoka nyuma ya kalenda,
tumbo lapenya nuru kama karatasi iliyoloa mafuta;
ukilimulika, waona alichokula.

Vasuki kajaribu ufagio, kajaribu tumbaku.
Juzi mkia ulibaki sakafuni, ukicheza peke yake,
mwenyewe yuko darini, anamtazama.
Sasa ni maganda ya mayai.
Humu ndani hamliwi yai:
kayapata kwa jirani, yamefungwa gazetini kama hirizi,
kayapanga dirishani nyuma ya pazia.

Mama mkwe anachambua dengu kwenye ungo.
"Mwanangu atarudi kabla ya mavuno,"
anasema, kama asemavyo kila mwaka.

Ukutani: chek, chek, chek.

Kikongwe akagonga sakafu kwa kidole, mara tatu.
"Umesikia? Amekubali."

Vasuki hakujibu.
Mwaka wa nne huu mumewe ni sauti ya simu,
na nyuma yake mashine za Masqat.

Usiku aliamka, akayatoa maganda
moja moja, yasivunjike.
Si kwamba anaamini.
Ila shahidi hafukuzwi
kesi ikingali mbichi.