Hesabu ya Ilangali

Ndama aliyeliwa alikuwa mmoja.
Fisi alitubakizia kwato na kipande cha kamba.
Baba hakusema neno. Alichukua dawa ya wadudu
iliyobaki msimu wa alizeti,
akaimimina kwenye mzoga wa mbuzi,
akaulaza ng'ambo ya korongo.

Fisi hakuja.

Jua lilipopasha ardhi na hewa ikaanza kupanda,
walishuka wao.
Tumbusi wa kwanza huona nyama,
wa pili humwona wa kwanza anavyoinama,
wa tatu humwona wa pili:
hivyo ndivyo habari inavyofika kwetu kutoka Ruaha,
mahali ambapo simu haishiki hata juu ya kichuguu.

Niliwakuta saa saba mchana. Arobaini na watatu.
Mmoja alijaribu kuruka, bawa moja likakataa.
Migongo yao ilikuwa meupe, misafi,
kama mashati ya kipaimara.
Watatu walikuwa wameshakatwa vichwa.
Wapo vijana hapa wanaoamini
kwamba ukilalia ubongo wake
utaota mkeka wa Jumamosi.

Kufa kufaana, tulizoea kusema,
tukiicheka ile shingo yake tupu.
Ni tupu ili damu isigande kwenye manyoya.
Na lile tumbo tunalolitukania walafi
huunguza hata kimeta:
ugonjwa unaoua ng'ombe, ukamfuata mchungaji,
ukiingia mle, umefika mwisho wa safari.

Damari Chilongani, bibi mifugo wa kata,
alikuja na pikipiki na galoni la dizeli.
Tulichimba. Tulichoma. Moshi ulikataa kuondoka.
Hakumtajia baba polisi wala faini.
"Mzee Lechipya, hawa hutaga mayai mangapi kwa mwaka?"
Baba akafikiria kuku. "Kumi?"
"Moja."
"Na kinda huyo, hadi naye atage?"
Baba hakujua.
Damari akamwonyesha kiganja chote, vidole vitano,
halafu akavaa kofia yake ngumu.

Kiangazi kile ng'ombe wa jirani alikufa,
akalala siku sita bila mgeni wa angani.
Walikuja mbwa. Walikuja nzi.
Mama alipika mlenda mlango ukiwa umefungwa.

Sasa kuna mgunga mmoja karibu na Kizigo,
una tundu la vijiti juu kabisa.
Jike na dume hupokezana kulalia;
mmoja asiporudi, mwenzake huchagua:
njaa, au yai.
Baba huenda huko alfajiri, anasema anatafuta kuni.
Anarudi mikono mitupu.

Kwenye ukuta wa tembe, alipokuwa akiandika madeni,
kuna mistari mipya ya mkaa.
Jana nilihesabu: hamsini na mmoja.
Damari alisema huanguliwa kwenye hamsini na kitu.
Baba ameniuliza mara mbili leo
kama nimesikia upepo wa usiku,
kama ulikuwa mkali.